Unga wa gluteni wa kilo moja: miezi mitano natengeneza nao hotidogi zisizo na nyama

Kilichonifanya ninunue huu unga wa gluteni, yaani ile protini ya ngano inayoshikanisha donge, ni mwanangu wa pili. Ana miaka saba, sisi nyumbani ni Wasabato na tuliacha nyama kabisa mwaka juzi, baadae tukaacha na mayai na maziwa, yaani wale wanaoitwa vegani, sasa Novemba akaalikwa besdei ya mwenzake wa darasani, watoto wote wakapangiwa hotidogi na juisi, yeye akachomoa soseji akaiweka pembeni ya sahani akala mkate na tomato sosi. Hakulia wala hakulalamika. Aliporudi tu akaniuliza, mama hivi ile kitu haiwezi kutengenezwa ya kwetu? Siku ile sikuwa na jibu na lile swali lilinikaa moyoni mpaka Januari nikaamua nitafute.

Kabla ya huu unga nilishajaribu njia tatu, nazisema maana najua wengi mmeanzia huko huko. Karoti ndio rahisi, unaichemsha ilainike kidogo, unailaza usiku kucha kwenye soya sosi, limau, kitunguu saumu na paprika halafu unaikaanga, na kwa macho inafanana kweli na soseji ila ukiuma ni karoti tamu ya moto, mtoto akala moja kwa heshima ya mama yake basi. Nyama ya soya, zile za kulowekwa, nazipenda sana kwenye mchuzi lakini kwenye hotidogi hazishikani, nilisaga nikaviringisha nikakaanga zikavunjika zote kikaangoni zikawa kama kima. Ya tatu ni kuosha unga wa ngano wa kawaida, hii ndio nyama ya ngano ambayo akina mama wengi kanisani wanaijua, unakanda donge, unaliloweka, halafu unaliosha kwenye maji huku unalikamua mpaka ule weupe wa wanga utoke wote ubaki na kitu kama mpira. Inafanya kazi na sitaidharau hata siku moja, lakini kilo nzima ya unga inakupa kama gramu 300 hivi za gluteni mbichi, na maji ni ndoo kwa ndoo, sasa Dar hii ukiamka bomba halitoi unaoshea nini? (Yale maji meupe msiyamwage, yaache yatulie, wanga utazama chini, mimi napikia uji.)

Huu unga wa paketi ni kitu hicho hicho ila kimeshaoshwa kiwandani, kikakaushwa, kikasagwa. Unga wa ngano wa kawaida una protini kama asilimia 10 mpaka 12, huu unafika 75 na zaidi, na ndio maana ukiumwagia maji tu unashikana hapo hapo. Dukani msiulizie soseji za vegani, watawashangaa, nendeni kwenye maduka ya vifaa vya keki na mikate, mimi nilipata Kariakoo, muulize gluteni ya ngano, waoka mikate wanauongeza kwenye unga dhaifu ili mkate uumuke vizuri usidondoke. Na mtandaoni mkitafuta mapishi yake mtakutana na neno seitan. Naomba hapa niseme kwa sababu dada mmoja kanisani aliliona kwenye simu yangu akashtuka kabisa, hilo neno halina uhusiano wowote na shetani, liliundwa na Mjapani George Ohsawa mwaka 1961 kwa ajili ya hiki hiki chakula, na chakula chenyewe ni cha zamani sana kuliko jina, Wachina wamekila karne na karne hasa kwenye nyumba za watawa wa Kibuda wasiokula nyama. Hata kwetu Wasabato sio kigeni, Daktari John Harvey Kellogg kule Battle Creek, Michigan, alikuwa anatengeneza nyama ya makopo iliyoitwa Protose kwa karanga na gluteni ya ngano zaidi ya miaka 100 iliyopita. Niliposoma hivyo nilifurahi, nikaona kumbe nafanya kitu ambacho watu wetu walishakifanya kabla yangu.

Sasa mapishi, na hapa ndipo paketi yenyewe inapoangusha watu maana nyuma wameandika maelezo ya mkate tu. Kwa soseji 8 natumia gluteni gramu 150, ni kikombe cha kupimia kimoja na robo. Kwenye ule unga mkavu naweka kwanza viungo vyote vikavu: paprika kijiko kikubwa, unga wa kitunguu saumu, unga wa kitunguu maji, bizari nyembamba kidogo sana, kungumanga ya kukwaruza, chumvi. Pembeni nasaga kwenye brenda maharage meupe yaliyoiva nusu kikombe, maji yao mililita 150, soya sosi vijiko viwili, mafuta vijiko viwili, nyanya ya kopo kijiko kimoja, na kipande cha biturutu kisichozidi kidole gumba kwa ajili ya rangi. Ule wekundu wa soseji za dukani kwa kawaida unatokana na chumvi ya naitraiti inayowekwa kwenye nyama za kusindikwa, huku unatokana na biturutu na nyanya, ukizidisha biturutu soseji inakuwa ya zambarau na watoto wanaikataa.

Mimina ule mchanganyiko wa brenda wote kwenye unga mkavu kwa mara moja. Ukimimina kidogo kidogo gluteni inashika ile sehemu iliyoloa inakuwa mabonge na nyingine inabaki unga mkavu, hutaweza kuirudisha. Kanda dakika mbili, tatu mwisho, basi acha. Mimi nimezoea kukanda maandazi, nilikanda dakika kumi na tano nikidhani ndio inalainika, kumbe hii kadri unavyoikanda ndivyo inavyokaza, ile batchi ya kwanza ilitoka mpira mtupu, mdogo wangu alitafuna kipande mpaka taya likauma. Na yale maharage sio ya kujazia, ndiyo yanayokata huo mpira ukiuma soseji ikatike badala ya kuvutika. Halafu kuna faida nyingine, protini ya ngano ina upungufu wa laisini, moja ya vijenzi vya protini ambavyo mwili unavihitaji, na maharage yanayo kwa wingi, ndio mantiki ile ile ya makande, mahindi peke yake hayatoshi ukichanganya na maharage yanakamilishana. Bibi yangu kule Same hakusoma hayo popote lakini makande hayakukosekana kwake.

Kata donge vipande nane, viringisha kila kimoja kirefu kama kidole cha kati na nusu, funga kwenye karatasi ya kuokea halafu foili juu yake, sokota ncha mbili kama pipi. Kaza lakini sio sana kwa sababu inavimba. Niliwahi kukosa foili nikafunga kwa majani ya mgomba niliyoyababua motoni, nikayafunga na kamba zake, harufu ilikuwa nzuri mno ila umbo halikuwa la hotidogi, zilitoka bapa, kwa hiyo nazipendekeza kama unakula na wali sio kwenye mkate.

Halafu mvuke. Sio kuchemsha. Jamani hapa ndipo wengi mnapokosea na ndipo mnaposema unga ni mbaya. Ukizitumbukiza kwenye maji yanayotokota gluteni inakunywa maji inavimba inakuwa sponji, ukiuma maji yanatoka, haina ladha. Weka chujio la bati juu ya sufuria, maji yasiguse, funika vizuri, moto wa kati dakika 40 mpaka 45. Ukizifungua zikiwa za moto utaona laini laini zinabonyea na utadhani zimeharibika, usizipike tena, zifunike zipoe, ziweke kwenye friji na foili zake zilale humo mpaka kesho. Nilichojifunza kwenye miezi hii mitano kikubwa ni hicho cha kuzilaza. Soseji ya saa ile ile ina ladha ya ngano na inateleza mdomoni, ya kesho yake imekaza, imeiva viungo mpaka ndani, ukiikata inakatika kama soseji. Na kwetu inakaa vizuri sana maana Ijumaa ni siku ya maandalizi, mchana nazipika kwa mvuke, jioni jua halijazama ziko kwenye friji, Sabato tukitoka kanisani ni kuzipasha tu kwenye mafuta kidogo. Miaka yote mchana wa Sabato kwetu ulikuwa viporo vya wali na maharage, siku hizi watoto ndio wanaharakisha kurudi.

Kuhusu moshi. Ile harufu ya moshi ndiyo inayoifanya hotidogi iwe hotidogi, viungo peke yake havitoshi, na moshi wa chupa Dar nimeutafuta nimeupata mara moja tu kwa bei iliyonitisha. Nikakumbuka majirani zangu wa Kihindi wanavyofukizia wali na mkaa. Panga soseji zilizopoa kwenye sufuria, katikati weka kibakuli kidogo cha bati, tia kaa moja jekundu kabisa, dondoshea mafuta nusu kijiko, moshi ukipanda tu funika haraka, acha dakika tano sio zaidi maana ikizidi inakuwa chungu. Fanya karibu na dirisha. Tangu nimeanza kufanya hivi sijatafuta tena ule wa chupa.

Baba watoto ndio mtihani wa mwisho hapa nyumbani, yeye akiwa kazini anakula nyama na hafichi. Mara ya kwanza alisema soseji isiyo na nyama sio soseji, itafute jina lingine. Nikamwambia hayo maneno walishayasema Wajerumani. Ni kweli, Konrad Adenauer, huyu aliyekuja kuwa kansela wa Ujerumani Magharibi 1949, wakati wa vita vya kwanza vya dunia akiwa kiongozi wa jiji la Cologne na watu wana njaa, alibuni soseji ya soya, akaomba hataza, yaani haki ya kumiliki ubunifu wake, kwao wakamkatalia kwa sababu sheria yao ilitaka soseji iwe na nyama, Uingereza ndio wakampa mwaka 1918, na walikuwa wanapigana nao! Baba watoto akacheka akala mbili. Mwezi wa tatu nikamwekea sahani bila kusema kitu, akamaliza akauliza hizi umenunua wapi. Hapo niliinama kushukuru.

Swala la afya niseme ninachokijua. Oktoba 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliweka nyama za kusindikwa, soseji zikiwemo, kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, wakasema kila gramu 50 kwa siku zinaongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa kama asilimia 18, na gramu 50 ni kama soseji moja tu. Hilo kwangu lina uzito, nina watoto. Lakini sitaki mtu anielewe vibaya, hizi zetu nazo zina chumvi, soya sosi ni chumvi, sio chakula cha kila siku asubuhi na jioni. Mwenye ugonjwa wa siliaki, yaani ambaye gluteni inadhuru utumbo wake, asiziguse kabisa, hii ni gluteni tupu na itamuumiza. Na vitamini B12 haimo humu kabisa, kama mmeacha nyama na maziwa na mayai kama sisi tafuteni vidonge au vyakula vilivyoongezewa, hasa kwa watoto na wajawazito, msikae mnasema tunakula vizuri inatosha.

Bei. Nilinunua kilo elfu 18, unga wa kawaida kilo haifiki hata elfu 3, kwa hiyo mwanzoni niliona nimeibiwa. Ila piga hesabu, kilo inatoa batchi sita na kidogo ibaki, ni kama soseji 50, gluteni ya soseji moja ni shilingi 360, weka viungo, maharage na gesi haifiki mia saba. Friza zinakaa mwezi mzima vizuri, nazitoa usiku nazihamishia friji, asubuhi ziko tayari.

Malalamiko ninayo mawili. Paketi haina zipu, ukishaikata unga unavuta unyevunyevu wa hewa ya huku pwani unaanza kuganda, hamishia kwenye chombo chenye mfuniko siku hiyo hiyo uweke mahali pakavu. La pili ni zito zaidi, mwezi wa nne nilinunua kwa duka lingine lililopima kwenye mifuko myeupe isiyo na tarehe, nilipofungua ukanuka kama mafuta ya zamani, nikajipa moyo nikapika, soseji zote nane zikawa chungu, nikarudi nao muuzaji akaniambia ndivyo ulivyo. Sio kweli. Gluteni nzuri inanukia ngano, kidogo kama mkate mbichi, na rangi yake ni ya maziwa yaliyochanganyika na njano kidogo. Ombeni kunusa kabla ya kulipa, muuzaji akikataa ondokeni, na nunueni yenye tarehe tu.

Mkate nao muuangalie, skonzi nyingi za dukani zina maziwa au mayai na wengine wanapaka yai juu zing'ae. Mimi nakanda wa kwangu kwa hamira, sukari kijiko, chumvi na tui la nazi jepesi badala ya maziwa, unatoka laini na unabaki laini mpaka kesho yake, juu napaka tui zito. Ndani kachumbari ya kabichi, nyanya na kitunguu kilichooshwa na chumvi, limau badala ya siki maana wazee wetu wengi kanisani hawatumii siki wala haradali na sitaki waikose, na achari ya embe kwa wanaopenda. Baba watoto anaongeza pilipili ya kuwasha anayoijua mwenyewe.

Nikitoa nyota huu unga nautoa nne kati ya tano, nyota moja naikata kwa ajili ya ule mfuko na maelezo ya mkate peke yake. Kwa anayeanza ningesema nunua nusu kilo kwanza, tengeneza batchi mbili, ya kwanza utakosea kukanda, ya pili utaipata. Kwa anayetaka kitu cha haraka cha leo leo hii haimfai, akakaange nyama ya soya na kitunguu ajaze kwenye mkate ale, ni tamu pia, haijifanyi soseji.

Mwanangu alialikwa tena besdei mwezi uliopita. Nilimpigia mama mwenye shughuli nikamuomba, dada yangu naomba nimletee mwanangu soseji zake nne usijisumbue, nikazifunga kwenye foili zikiwa na moto. Alirudi amekula moja, tatu wenzake walizigombania na yule mama usiku akanitumia ujumbe anataka maelekezo. Sasa makambi ya kanisa yanakuja na wanawake wa kitengo cha jikoni wameniomba hotidogi 60 za watoto, ni kilo moja na gramu kama 125 za unga, Alhamisi naenda Kariakoo kununua na nitaunusa kwanza.